Ukoo Uliofukuzwa na Kanga

Nilikuwa kidato cha pili Korogwe mwalimu wetu wa historia alipotangaza kwamba tumewasoma wafalme wa Ulaya vya kutosha. Likizo ile kila mwanafunzi aende kwao akaandike historia ya ukoo wake. Taifa letu ni changa, alisema, nalo haliwezi kuishi kwa historia ya kuazima. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wenzangu, maana niliona kazi imekwisha kabla sijaianza. Babu yangu alikuwa akisimulia historia ya ukoo wetu kwa mtu yeyote aliyefanya kosa la kukaa karibu naye.

Nyumbani Misima walikuwa wamehamia kijiji cha ujamaa. Nyumba zilipangwa mistari iliyonyooka na zote zilifanana, jambo lililomsumbua sana babu. Siku moja alikuwa ameshanawa mikono akisubiri ugali ndipo akagundua kwamba mama anayemwandalia si mke wake. Hakuondoka. Alisema ingekuwa utovu wa adabu kuondoka mikono ikiwa imeshalowa.

Nilimkuta barazani, safari hii kwenye nyumba yake. Nikamwamkia, nikafungua daftari.

"Andika," alisema kabla sijauliza. "Babu wa babu yangu alimuua chui kwa mikono mitupu."

"Chui mkubwa kiasi gani, babu?"

"Wewe andika mkubwa."

Kisha akanieleza kwa nini ukoo wetu hauli kanga, yule ndege wa madoadoa. Maadui walikuja kumvizia babu huyo wa babu akiwa usingizini, kanga wakapiga kelele, akaamka na kuwatawanya. Tangu hapo tuliwaheshimu.

Bibi alikuwa anachambua choroko pale mlangoni. "Mwaka jana chui alikuwa fisi," alisema bila kuinua kichwa.

Babu alijifanya hakusikia. Baadaye jikoni nilimuuliza bibi nifanyeje, kwa kuwa mwalimu alitaka ukweli mtupu. Akaniambia, "Nenda Hale kwa yule rafiki wa babu yako waliyekata naye mkonge zamani. Huyo anaujua ukoo huu kuliko sisi wenyewe." Alikuwa ameinamia ungo, sikuuona uso wake. Ningeuona, nisingesafiri.

Hale nilimpata mzee huyo bila shida. Alikuwa Mnyamwezi aliyekuja kijana kukata mkonge, akaoa, akabaki, na sasa alilima mihogo nyuma ya kambi ya zamani. Nilipojitambulisha na kumpa shikamoo, alinitazama kwa huruma nyingi, kama mtu aliyeletewa mgonjwa.

"Marahaba, mjukuu wangu. Babu yako amekuambia habari za chui?"

"Ndiyo, mzee."

"Maskini." Akavuta kigoda. "Alikuwa paka wa jirani. Tena hakufa, alikwenda zake tu. Una kalamu? Andika."

Nikaandika. Aliongea taratibu, akisubiri nimalize kila sentensi, na pale nilipokosea alinirudisha. Yule wa chui, alisema, alipita Hale na msafara wa Wanyamwezi, akabebeshwa mzigo wa vibuyu kwa sababu hakuweza kubeba kitu kingine. Asubuhi moja alitokewa na kanga jike mwenye vifaranga. Akatupa vibuyu, akakimbia mpaka kwenye mto Pangani, akaingia na nguo zake. Kanga akasimama ukingoni akimsubiri. Jioni wazee wa msafara walikwenda kumwomba kanga msamaha, naye akakubali kwa sharti moja: ukoo ule usile kanga, na kanga hawataufukuza tena.

Hakutabasamu hata kidogo. Alinisindikiza hadi barabarani, akanipa mihogo ya kuchemsha ya njiani, akaniambia mwalimu wangu akiwa na swali lolote, yeye yupo.

Ijumaa iliyofuata, tulipotoka shamba la kijiji, nilikuta watu wamejaa barazani kwetu. Babu alikuwa amewatangazia kwamba mjukuu wake, wa kwanza katika ukoo kufika sekondari, atawasomea historia aliyoiandika. Alivaa kanzu. Mwenyekiti wa kijiji aliketi mbele. Sikuwa nimemwonyesha babu nilichoandika, kwani mwalimu alituonya tusiwaruhusu wahusika kubadilisha ushahidi.

Nikasoma. Kwenye paka, watu walitazamana. Kwenye vibuyu, bibi alijifunika mtandio usoni na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilipofika ukingoni mwa mto, babu aliinua mkono.

"Rudia hapo pa kanga."

Nikarudia, tena kwa sauti zaidi, nikidhani hakusikia. Mwenyekiti, kwa mazoea ya mikutano, akauliza kama kuna swali.

"Lipo," alisema babu. "Nani kakuambia haya?"

"Rafiki yako wa Hale, babu."

Babu akaushusha mkono wake. "Yule ni mtani wetu. Umekwenda kuuliza historia ya Wazigua kwa mtani."

Hapo baraza zima likapasuka kwa kicheko. Watani nilikuwa nawajua. Mtani ana ruhusa ya kukudhihaki mbele za watu, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Lakini mimi nilikuwa nimewaona misibani tu, wakiigiza jinsi marehemu alivyotembea. Sikujua kwamba mtani anaweza kukaa kwenye kigoda chake na kukuandikisha imla.

Kesho yake babu alinichukua mpaka Hale kurekebisha kumbukumbu. Mzee yule alitupokea kama aliyekuwa akitutazamia. Walibishana tangu tulipofika hadi chakula kilipoletwa: wali na mchuzi wa kuku. Babu aliukoroga mchuzi, akatoa paja, akaligeuza kwenye mwanga.

"Huyu ni kuku?"

"Ni kuku," alisema mzee. "Ila alikuwa anatembea na kanga."

Babu alikula wali mkavu. Mwishowe mke wa mwenyeji alikwenda nyuma ya nyumba, akaleta kichwa cha kuku mwenyewe na kukiweka mbele yake. Babu akakikagua, akaridhika, akala karibu kuku mzima, akaniachia bawa moja.

Baada ya kunawa wakatulia. Mzee akauliza, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake, "Lakini hasa, mwenzangu, yule babu wa babu yako alitoka wapi?"

Babu alichokonoa meno kwa muda. "Sijui," alisema. "Baba aliniambia kwamba baba yake aliletwa mgongoni mwaka wa njaa, mama yake akitafuta chakula. Nyuma ya hapo hakuna aliyeniambia kitu. Palibaki wazi, nikaona aibu kupaacha hivyo. Nikamweka chui."

"Na kanga?"

"Baba alisema tusile. Hakusema kwa nini, na baba hakuwa mtu wa kuulizwa."

Nilingoja mtani atie neno. Hakutia. Alimsogezea babu kata ya maji, wakakaa wanatazama mihogo. Nilimhurumia babu, na nilimpenda zaidi bila yule chui, ingawa sikuthubutu kusema.

Njiani kurudi nilimwambia kwamba nitaandika maelezo yote matatu, na kila moja nani kalisema. Alifikiri mpaka tukakaribia Korogwe.

"Sawa," alisema. "Lakini ile *sijui* iandike kwa herufi ndogo."

Shule ilipofunguliwa, mwalimu aliipeleka kazi yangu dirishani akakunja uso, akaniuliza kwa nini aya ya mwisho imeandikwa kama njia ya sisimizi. Nikamjibu kwamba hilo lilikuwa agizo la mhusika, na mimi nilikuwa nimekula bawa la kuku aliloniachia.