Nilivyoufua Mfarishi wa Wifi Yangu

Nimewahi kufua kitu kwa nia mbaya, kikatoka kizuri kuliko kilivyoingia. Msinicheke kwanza.

Mama yangu ni fundi cherehani. Macho yalipoanza kumsumbua, akatuita mimi na wifi yangu, mke wa kaka.

"Kila mmoja anishonee mfarishi, tandiko la kitanda lenye pamba ndani na maua ya vitambaa juu. Atakayenifurahisha, cherehani yangu ni yake."

Jamani, ile cherehani! Nimeitolea macho tangu nina miaka saba. Leo nishindane na mtu aliyeolewa juzi?

Nikaingia kazini. Kila ua nilikunja kingo zake, nikalishona kwa mkono. Ndipo nikaweka pamba na kitambaa cha chini, nikapiga mistari ya cherehani. Wiki tatu, vidole vyote matundu.

Wifi je? Alipanga kitambaa cha chini, pamba na cha juu, akabandika maua kwa gundi kidogo, akapita na cherehani mara moja tu, nusu ukucha ndani ya ukingo. Uzi uleule ukashika ua, pamba na vitambaa vyote. Hakukunja chochote! Siku nne kamaliza, anakunywa chai.

"Wifi, kingo umeziacha wazi hivi?"

"Ndivyo zinavyotaka," akajibu, anatabasamu.

Nikajua huu ukiguswa na maji tu, kwisha habari yake. Sasa kwa nini nisiusaidie?

Siku moja kabla ya hukumu akaenda sokoni. Mfarishi kauacha kitini, karibu na beseni langu la nguo.

Nikaufua. Nikausugua. Nikaukamua mpaka mabega yakaniuma. Mara tatu!

Ulipokauka, nikaukagua ua kwa ua. Hakuna ua lililong'oka. Kingo zilikuwa zimechambuka kidogo, zikavimba, zikawa laini, utadhani maua yamechanua asubuhi hiyo.

Kesho yake mama akapapasa wangu. "Safi," akasema.

Akapapasa wa wifi. Akaukumbatia.

"Cherehani ni yako, mwanangu."

Nililia, sifichi. Wifi akanifuata jikoni.

"Asante, wifi. Mtindo huu lazima ufuliwe vizuri ndipo maua yachanue, na mimi mgongo unanisumbua."

"Kumbe ulijua ni mimi?"

"Kwani unadhani kile kiti kilitembea chenyewe mpaka kwenye beseni lako?"

Nilitaka kukasirika, kicheko kikanitoka.

Ndugu zangu, ukitaka kumharibia mtu kazi yake, kwanza uijue hiyo kazi. La sivyo utakuwa kibarua wake wa bure.