Mzee Aliyesimama Langoni

Nilikuwa nafuta kwa mara nyingine sentensi ya kwanza ya safu nyingine kabisa ya gazeti, iliyohusu ubovu wa barabara ya Kibosho, simu ilipotetemeka mezani. Ujumbe ulitoka kwa kijana anayeendesha kafe ya intaneti tulimokuwa tukikutana zamani pale mjini Moshi: "Mzee wetu hatunaye tena. Ini. Mazishi Jumamosi, kwao Kibosho." Mtu mwingine angeuona ujumbe ule angedhani amefariki babu mwenye mvi na wajukuu. Marehemu alikuwa dada wa miaka thelathini na kidogo, asiye na mume wala mvi, muuzaji wa mbegu na dawa za mimea kwenye duka lake dogo pale Kwa Sadala. Sisi tuliomfahamu kwenye mtandao tulimwita Mzee, na wengi waliomwita hivyo hawakuwahi kumtia machoni.

Niwaeleze wasomaji ambao jambo hili ni geni kwao. Miaka ile kafe za intaneti zilipoanza kufunguliwa mjini, kijana mmoja wa kwetu aliyekwenda kusoma Dar alianzisha kwenye mtandao mchezo wa kuandika. Haukuwa na picha wala sauti. Kila mchezaji alijibunia mhusika, akawa anaandika alichofanya mhusika wake, kisha mwingine anaendelea kutoka hapo, na hadithi inakua kwa mikono ya watu wengi. Nchi tuliyoibuni tuliiita Nchi ya Mifereji. Juu kulikuwa na watu wa mlimani waliokaa karibu na theluji na kuyashika maji, chini kulikuwa na watu wa tambarare waliokuwa na mashamba mapana na malkia mkali. Sisi wa mlimani tulikuwa kwa kweli watoto wa mlimani, wa Kibosho na Machame na Uru, tunaoteremka mjini kwa shughuli za nyumbani na kuiba saa moja kwenye kompyuta. Wa tambarare walikuwa watoto wa familia zilizotoka mikoa mingine kuja kufanya kazi kwenye miwa na viwandani, nao walikuwa na kafe yao mtaa wa Soweto, mjini hapohapo. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Kila mtu alijiunga pale alipomkuta rafiki yake, na tulipokuja kushtuka, ramani ya nchi ya kubuni ilikuwa imefanana na ya kwetu.

Mimi nilikuwa mganga wa mlimani, mganga mbovu, kwa sababu sikuweza kutuma kitu kabla sijakirekebisha hadi kikaisha ladha. Uandishi sikufundishwa darasani. Niliujifunza kwa kunakili magazeti ya kufungia nyama, na mtu aliyejifunza hivyo huishi na hofu kwamba siku moja atashikwa. Siku niliyokutana na Mzee ana kwa ana nilikuwa tayari nimemwandikia "Shikamoo Mzee" kwa zaidi ya mwaka, naye akinijibu "Marahaba" bila wasiwasi. Nilimuuliza mhudumu wa kafe kama Mzee huwa anakuja pale. Akacheka. "Mzee mwenyewe huyo hapo dirishani." Nikamwona dada mmoja mwenye kilemba cha kitenge, viatu vyeupe kwa vumbi la mbolea, anatafuna hindi la kuchoma huku mkono mmoja ukiandika. Nilisimama nyuma yake kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Shikamoo," nikasema, maana sikujua niseme nini.

"Marahaba," akajibu bila kugeuka. "Wewe ni nani?"

"Mganga."

Hapo akageuka. "Aisee! Ndiye wewe? Mganga wako ni mzuri, mdogo wangu, ila anatoka mara moja kwa mwezi. Wagonjwa wanakufa wanakungoja umalize koma na nukta zako."

Nilimuuliza kwa nini alichagua kuwa mzee. Akasema dukani kwake wakulima wanaume humpita na kumwulizia "mwenye duka", hata kama yeye ndiye aliyewauzia mbegu msimu uliopita. "Huku mtandaoni nikikohoa tu, watu wananyamaza wanisikilize. Acha nifaidi."

Na kweli tulimsikiliza. Mchezo wetu ulikuwa na kanuni moja kubwa, na yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wake: unaandika ya mhusika wako tu. Ukirusha mkuki, unaandika kwamba umeurusha. Kama umempata mtu au umemkosa, ataandika mwenyewe huyo mtu. Mgeni akivunja kanuni, Mzee alimwandikia kwa upole: "Mwanangu, mkono wako unaishia hapo. Mwachie mwenzako wa kwake." Nimefikiria sana juu ya kanuni hiyo. Tulikuwa tunakua katika miaka ambayo kila kitu kilifunguliwa kwa pamoja: wanunuzi binafsi wa kahawa wakaja mlimani na mizani yao, mitumba ikajaa, redio mpya zikaongea usiku na mchana, simu zikaingia mifukoni. Baba yake Mzee aling'oa nusu ya kahawa akapanda nyanya, na mbegu za nyanya akazinunua dukani kwa binti yake. Tuliambiwa kila mtu yuko huru kuchagua njia yake. Sikumbuki tuliambiwa popote namna ya kukaa na jirani aliyechagua njia nyingine.

Ugomvi ulianza kwa maji. Kijana mmoja wa upande wetu, mwenye mbwembwe nyingi, aliandika kwamba watu wa mlimani wameufunga mfereji mkuu, na kwamba Malkia wa tambarare amekufa kwa kiu kitini pake. Jibu la aliyemcheza Malkia lilikuja haraka: "Nani kakutuma uniue? Sijafa. Nina mtungi uvunguni." Watu wakacheka, na yangeweza kuishia pale. Lakini yule kijana, badala ya kujirudi, akaandika: "Nyie wa kuja ndio mlivyo, maji yetu mnayataka na sauti mnatupandishia." Hapo kicheko kikakatika. Malkia akaandika, na ilionekana wazi kwamba sasa si Malkia anayesema: "Wa kuja? Mimi nimezaliwa hospitali ileile uliyozaliwa wewe. Baba yangu amekata miwa hapa mpaka mgongo umepinda. Nikienda kwao babu wananiita Mchagga. Sasa niambie wewe, kwetu ni wapi?"

Mzee alilisoma jibu lile dukani, kwenye karatasi aliyopelekewa na mtu kutoka kafe, na alinisimulia baadaye kwamba alimuuzia mteja dawa ya panya badala ya dawa ya kupuliza nyanya. Ikabidi amkimbize hadi sokoni. Kesho yake alifunga duka mapema akateremka mjini, akaketi mashine ya dirishani, akaandika jambo ambalo mtoto yeyote wa Kibosho angeliandika. Wasomaji wa mlimani mnalijua isale, ule mmea wa majani marefu unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya urithi yenye migomba na kahawa. Ukimkosea mtu unamwendea na jani lake, naye akiliona, neno limekwisha. Tumelelewa hivyo, jani la isale halirudishwi. Mzee akaandika kwamba mzee wa mlimani alikata jani, akalifunga fundo, akateremka nalo peke yake hadi kwenye ikulu ya tambarare, akampa Malkia. Halafu akamalizia: "Na ugomvi ukaisha."

Sisi wa mlimani tulishangilia. Mmoja aliandika kwamba amelia. Mimi nililipenda kila neno, nikamwonea wivu. Siku kadhaa baadaye Malkia akajibu kwa mistari michache: "Mzee, wewe ndiye uliyetufundisha kila mtu aandike ya kwake. Nani kakwambia nimesamehe? Mlianza kwa kuniua, sasa mnanisamehesha. Hilo jani silijui. Kwetu halipo. Mngeniuliza." Baada ya hapo wakaondoka wote. Walifungua uwanja wao mtandaoni, wa tambarare peke yake, ambao mtu yeyote aliweza kuusoma lakini kuandika ni wao kwa wao.

Nilimkuta Mzee kwenye kafe jioni moja amekaa mbele ya kompyuta iliyozimika, umeme ulikuwa umekatika. "Nimemshika mkono nikaandika nao," aliniambia. "Mimi! Kwa sababu ya kuzoea tu. Sikuwahi hata kuwaza kwamba kuna mtu anayeweza kuletewa isale akasema hapana." Nikamwambia ni mchezo, atasahau. Akanitazama vibaya. "Yule mtu ameuliza kwao ni wapi. Nikamjibu kwa jani, nikamfunga mdomo. Wewe ungekuwa yeye ungesahau?"

Umeme uliporudi alifanya kitu ambacho sikukielewa kwa muda mrefu. Aliandika upya safari ya mzee wake wa kubuni, mara hii kwenye ukurasa wetu wa zamani ambao pande zote mbili ziliweza kuuona. Mzee akashuka, akafika kwenye lango la tambarare, jani mkononi, akasema: "Nimekuja kuomba radhi. Sikukuuliza, sasa ninauliza." Akaishia hapo. Hakuandika kwamba lango lilifunguliwa wala kwamba Malkia alitoka. Kila juma alipokuja mjini alifungua ukurasa ule kwanza, akatazama kama pana jibu, kisha akaendelea na mambo mengine. Vijana wetu walimtania: "Mzee, bado umesimama tu? Miguu haijavimba?" Mwingine akaandika, "Mpelekeeni kiti basi, tutamzika huko." Nilimsihi aongeze hata neno moja la kumsukuma Malkia kidogo. Akakataa. "Sehemu yangu imekwisha, mdogo wangu. Iliyobaki si ya kwangu." Mchezo ulipungua wachezaji, watu wakaoa, wakapata kazi, wakahamia Arusha na Dar. Miezi ikawa miaka. Yeye aliendelea kutazama ukurasa ule hadi homa zilipomzuia kuteremka.

Nilipopata habari za kifo nilituma barua pepe kwenye anwani ya zamani ya Malkia, bila matumaini, na kwa mara ya kwanza maishani sikuisoma mara ya pili kabla ya kuituma. Jumamosi, ibada ilipokwisha na kwaya ya parokia ilipokuwa ikishuka kuelekea kaburini kati ya migomba, alinijia mwanamume mrefu mwenye masharubu, suti imebana mabegani, viatu vimejaa matope ya barabara yetu. Alikuwa amewauliza watu watatu au wanne kabla ya kuelekezwa kwangu.

"Wewe ndiye Mganga?"

"Ndiyo."

Akatazama pembeni. "Mimi ndiye Malkia."

Sikuweza kujizuia, nilicheka, msibani, hadi mama mmoja wa jumuiya akanikazia macho. Naye akacheka, kisha akaitazama picha ya marehemu iliyowekwa juu ya jeneza, akaacha kucheka. "Kumbe ni binti," akasema. "Miaka yote nilijua nimemwacha babu wa watu amesimama." Aliniambia anafanya kazi kwenye mitambo ya sukari, kama baba yake alivyofanya kazi shambani. Nikamuuliza lile ambalo kila mmoja wetu alitaka kujua: kwa nini hakumjibu. Akajibu polepole. "Nilimsamehe siku ileile niliposoma ameuliza. Siku ileile. Jibu nililiandika kichwani, zuri kweli. Nikasema ngoja asubiri kidogo, waonje na wao. Halafu kila nikitaka kulituma naona limechelewa, naona linahitaji kuwa zuri zaidi kwa sababu limechelewa. Ikawa hivyo."

Baada ya mazishi aliomba nimpeleke kwa mama wa marehemu. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, khanga imemfunika mabega, wanawake wenzake wamemzunguka. Yule bwana akachuchumaa mbele yake, akamwamkia, akajaribu kueleza: kompyuta, mchezo, maji, lango. Maneno yalimtoka hovyo. Mwishowe akasema tu, "Mama, binti yako aliniomba radhi zamani. Nilimsamehe zamani. Ila sikumwambia."

Mama alimtazama bila hasira. Akamshika mkono. "Ungemwambia, mwanangu," akasema. "Alikuwa anapenda sana kuambiwa."

Nimekuwa nikiyabeba maneno hayo tangu nirudi kutoka Kibosho. Tunazungumza sana siku hizi juu ya makundi: wa huku na wa kule, wenyeji na waliokuja, wenye kahawa na wenye mishahara, na tunadhani kinachoyatenganisha ni chuki. Katika mkasa huu wa watu wadogo sikuiona chuki. Niliona mtu mmoja aliyeharakisha kusema kwa niaba ya mwenzake kwa sababu desturi yake ilimtosha, akajua kosa lake, akauliza upya na kuvumilia kungoja. Na niliona mtu mwingine, mwema pia, aliyekuwa na jibu jema akalihifadhi likaharibikia ndani. Msamaha alioukamilisha moyoni haukumsaidia aliyeuhitaji hata siku moja. Dada yule alikwenda kwenye ukurasa ule mamia ya mara akaukuta mtupu, na mtu wa pili alikuwa ameshamsamehe muda wote huo, kilomita chache tu chini ya mlima. Ukiwa na neno la kumwambia mtu, mpelekee angali hai aweze kulipokea, hata kama limepinda, hata kama limechelewa.