Kura ya Sauti Mezani Kwangu

Mume wangu alipendana na jimbo moja la Amerika. Ndivyo nilivyowaambia wenzangu tunaouza nao viazi sokoni Butembo. Wao walicheka sana, mimi nikacheka kwa meno tu.

Yeye ni mwalimu wa historia, na alikuwa anamalizia masomo yake ya chuo. Mémoire yake, lile andiko la kumalizia chuo, ilihusu uchaguzi wa gavana huko Amerika, karibu miaka mia mbili iliyopita. Nikamuuliza kwa nini asiandike habari za kwetu, ambako gavana analetwa tu na hakuna anayetuuliza.

"Ni kwa sababu ya ile njo nataka kujua venye banaulizaka batu," alinijibu, yaani ndiyo maana anataka kujua watu huulizwaje.

Jibu zuri. Ningelimeza kama si mwanamke wa Beni.

Huyo naye ni mwalimu, hana mume, na aliandika juu ya uchaguzi uleule. Kila Jumamosi mume wangu alipanda pikipiki kwenda kusoma naye. Barabara ileile! Mimi nikitaka kumwona dada yangu aliyeko Oicha, mbele ya Beni, naambiwa njia ni mbaya, watu wanauawa. Siku ya Beni hakukuwa na hatari yoyote. Alipiga pasi shati lake mwenyewe, mtu ambaye hajui hata pasi tunaiweka wapi. Wivu ulinichoma mpaka nikawa nakosea kupimia wateja. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na mimi nilitaka kukisikia kikohozi hicho kwa masikio yangu. Sikugombana. Nilichinja kuku, nikamwalika mwanamke huyo.

Alikuja na nanasi la Mutwanga na sauti laini. "Mama, aksanti kwa kunikaribisha," alisema, halafu akamgeukia mume wangu na kumwita "collègue", mwenzake wa kazi. Tukiwa mezani walinieleza mambo ya Amerika, mmoja akianza sentensi, mwingine akiimaliza. Kule, walisema, mtu alisimama mbele ya karani na wagombea wenyewe, akataja kwa sauti jina la anayemtaka. Aliyetajwa aliinama kumshukuru.

"Na banawake?" niliuliza.

"Banawake hapana," walijibu kwa pamoja, wakacheka.

Kucheka kule kwa pamoja kulinitoa adabu.

"Donc tuchague na hapa," nilisema. "Papa, simama. Tuko babili mbele yako. Taja jina, tusikie bote."

Mgeni alitazama sahani yake. Mume wangu alicheka kidogo, akaona mimi sicheki, akasimama. Alitaja jina langu lote, hata lile nililopewa kwa kuzaliwa mtoto wa pili wa kike, ambalo siku hizi mama yangu pekee ndiye huliita. Niliinama kama gavana. Mgeni alipiga makofi. Nilifurahi, sitaficha, nilifurahi vibaya sana.

Nikapakua kuku. Kwetu firigisi ni ya baba wa nyumba, na mke akiipoteza anaweza kurudishwa kwao akaulizwe imekwenda wapi. Niliiweka kwenye sahani ya mume wangu, kama nilivyofanya tangu tuoane. Mimi sijawahi kuionja. Yeye alikuwa amerudi kwenye habari za gavana wake. Aliikata katikati huku akiongea, bila hata kutazama, nusu akaiweka kwenye sahani ya yule mwanamke.

Naye aliila bila kusema asante, kama mtu aliyezoea.