Daktari wa Panya na Ini la Kaka Yake

Kaka yake ndiye aliyembandika jina la Daktari wa Panya, nalo likamganda. Dada huyo alikuwa na shahada ya uzamivu na ofisi yake mwenyewe chuoni, lakini kila Jumapili alipoingia nyumbani kwa mama yao, kaka alipaza sauti kutoka kwenye kochi: "Haya, Daktari wa Panya huyo! Wagonjwa wako hawajambo?"

"Hawajambo, wanakusalimu," naye alijibu, na wote wakacheka, hata mama, ambaye hakupenda panya watajwe mezani.

Kazi yenyewe haikuwa ya kuchekesha. Kwa miaka kumi na saba alichunguza jambo moja: ukikata theluthi mbili za ini la panya, kipande kinachobaki huanza kukua, na baada ya wiki moja hivi ini limerudia ukubwa wake, kisha linaacha kukua. Wenzake wengi walitaka kujua linaanzaje. Yeye alitaka kujua linaachaje. Seli hupokea ujumbe kwenye utando wake wa nje, ujumbe ukapitishwa ndani kutoka protini moja hadi nyingine mpaka kwenye kiini, na huko ndiko seli inakoambiwa igawanyike au itulie. Seli ya saratani inaambiwa itulie, haisikii. Aliamini kwamba siku atakayoujua vizuri ule ujumbe wa "basi, imetosha," atakuwa amepata pa kuikamatia saratani.

Kaka alikuwa fundi wa majokofu. Friza kubwa ya maabara iliyohifadhi sampuli ilipogoma, dada mtu hakumwita fundi mwingine. Kaka alikuja na begi lake, akalaza sikio kwenye kompresa, akasema, "Hii haiumwi, ina kiburi tu." Lakini alipoinama kufungua skrubu za nyuma, alishika ubavu wa kulia na kukunja uso. Dada akautazama mkanda wake. Ulikuwa umetobolewa tundu jipya kwa msumari, na bado suruali ilining'inia.

"Kaka, umeanza kukonda lini?"

"Nafanya kazi, mdogo wangu. Nyinyi wa kukaa kwenye viti mtajuaje?"

"Sitanii. Kesho nakupeleka ukapigwe picha."

Picha zilionyesha uvimbe upande wa kulia wa ini. Daktari wa upasuaji, mwanamke mpole asiyependa maneno mengi, aliwaeleza kwamba wangeweza kuukata upande huo wote na kuacha ini lililobaki likue, au wasikate, apewe dawa za kupunguza kasi ya ugonjwa. Akawapa siku tatu wafikiri.

Walikutana sebuleni kwa mama. Kaka alikaa kwenye kochi lake, mkewe kando yake. Ni yule mke, wifi yake Daktari wa Panya, aliyegeuka na kumtazama usoni.

"Wifi, ini ndiyo kazi yako. Sisi tutapiga porojo tu hapa. Wewe unasemaje?"

Alichokijua ni hiki. Miaka miwili nyuma aliwahi kuwakata ini panya waliokuwa na seli chache za saratani zilizojificha. Zile ishara za kuliamsha ini likue ziliziamsha na seli zile. Panya sita kati ya ishirini walijaa uvimbe mpya. Alikuwa ameandika makala kuhusu hilo. Lakini panya si mtu, na mama alikuwa akimtazama kwa matumaini ambayo hakuwahi kuyaona katika macho yale tangu baba afariki.

"Wakate," akasema. "Litakua tena."

Wale panya sita hakuwataja.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Baada ya wiki sita picha zilionyesha ini limejaa, kubwa, laini pembeni. Alikuwa ameona jambo hilo mara elfu kwenye panya, lakini safari hii alikwenda msalani hospitalini akalia kwa furaha. Kaka alirudi kazini nusu siku. "Nimeota upya kama kucha," aliwaambia wateja, akiinua shati kuwaonyesha kovu bila kuombwa.

Mwezi wa tano baada ya upasuaji, madoa saba yalionekana kwenye picha. Yote yalikuwa kwenye ile sehemu iliyokua.

Kaka alimwita nyumbani kwake asubuhi moja, mkewe alipokwenda sokoni. Alikuwa kitandani, miguu imevimba.

"Nieleze kama unavyowaeleza wenzako wa kazini. Usinieleze kama dada."

Akamweleza yote: ishara, zile seli zilizojificha, panya sita. Kaka alisikiliza huku akiangalia dari.

"Kwa hiyo siku ile sebuleni ulikuwa unajua."

"Nilijua inawezekana. Sikujua kama itakuwa kwako."

Kaka alivuta shuka hadi kifuani. Kisha akasema, "Ungeniambia, ningekubali kukatwa vilevile. Lakini ungeniambia." Baadaye akaongeza, "Mke wangu usimwambie sasa. Nikiondoka, mwambie mwenyewe. Asije akaisikia kwa watu."

Alifariki baada ya wiki tisa, saa nne asubuhi, mama akiwa amemshika mkono.

Dada alitimiza agizo. Alimweleza wifi yake jikoni, wamesimama. Wifi hakupiga kelele. Alifuta mikono, akatoka, na kwa zaidi ya mwaka hakukanyaga nyumbani kwa mama siku ambayo Daktari wa Panya yupo. Daktari wa upasuaji alimwambia dada kwamba hata bila kukatwa, kaka pengine angeishi miezi ileile, hakuna ajuaye. Maneno hayo yalimsaidia mchana. Alipokaa peke yake hayakumsaidia kitu.

Aliporudi maabara aliliacha swali lake la miaka yote. Alianza kuchunguza zile siku chache baada ya kukatwa: je, kuna namna ya kuliruhusu ini likue huku seli mbaya zikizuiwa zisisikie mwito? Maombi yake mawili ya kwanza ya fedha za utafiti yalikataliwa. La tatu likakubaliwa.

Siku moja wifi alimpigia simu ofisini. "Mama amesema una utafiti mpya. Nieleze."

Alimweleza kwa karibu saa nzima, polepole, pamoja na yale asiyoyajua.

"Itachukua muda gani?"

"Miaka kumi. Labda zaidi. Labda isifanikiwe."

"Haya," wifi akasema. "Jumapili nitakuja."

Alikuja kweli. Alikaa upande wa pili wa meza, akamsalimia, wakala.