Kisu cha Fundi Kilichozuiwa Getini

Jumanne nilikuwa kwenye foleni, getini kwa ofisi moja hapa Arusha ambako wabunifu hupeleka kazi zao. Mbele yangu alisimama fundi mzee wa mtaa wa Ngarenaro, kashika kisu cha mfukoni alichokiunda mwenyewe.

"Shikamoo baba. Kisu hakiingii," akasema dada mlinzi.

"Marahaba mwanangu. Sasa ndani nikaonyeshe nini?"

Akaanza kukikunjua hapohapo kwa furaha. "Makali ni springi ya gari la watalii. Bisibisi ni spoku ya baiskeli. Mpini, pembe ya ng'ombe!"

Foleni nzima tukasogea. Fundi akaona kirungu cha kukagulia vyuma kimetupwa mezani.

"Hicho vipi?"

"Kimekufa tangu jana."

"Lete!"

Akakifungua kwa ile spoku, akakwangua kutu ya betri kwa ncha ya kisu, akafunga. Dada akakiwasha, akakielekeza kwenye kisu. Kikalia! Tukapiga makofi, fundi akarukaruka kama kafunga goli.

"Umeona, baba? Sasa hata mashine imekikataa."

Fundi akanywea. Dada akamtazama, akakichukua kisu kwa mikono miwili.

"Anayekatazwa kuingia na kisu ni mgeni. Mimi si mgeni. Twende."

Wakapanda ngazi. Mimi niliyefuatia nikaachiwa kirungu nikague wenzangu. Wa kwanza kufika alikuwa bosi wa ofisi; kirungu kikalia, naye akanyoosha mikono bila swali. Nadhani hajazoea kuona kifaa cha ofisi yake kikifanya kazi.