Namba Nne na Namba Kumi na Saba

Tabora wakati ule ilikuwa na kampuni mbili za mabasi. Ya kwetu ilikuwa na mabasi ya kijani, yakienda magharibi: Urambo, Kaliua, mpaka Usinge. Ya wenzetu ilikuwa na mabasi mekundu, nayo ilishika njia ya kaskazini, Nzega na kuendelea Shinyanga. Stendi tulikuwa tunagombea abiria, tunarushiana maneno, kisha kila mmoja anaondoka na gari lake. Baada ya Azimio la Arusha serikali ikazitwaa zote mbili na kuziweka chini ya shirika moja lenye makao yake Dar es Salaam. Mwanzoni hakuna kilichobadilika ila maandishi ubavuni mwa magari. Halafu ikaja barua: gereji ziunganishwe, na madereva wote waingizwe katika orodha moja, mkongwe juu, mgeni chini.

Orodha hiyo ndiyo ingeamua kila kitu. Wa juu anachagua njia kwanza, anachagua na gari. Wa chini anapewa kilichobaki, na kazi ikipungua ndiye anayetangulia kurudi nyumbani.

Ugomvi ukaanzia kwenye kuhesabu. Kwetu hakuna aliyeanza na usukani. Mimi nilitoka Igalula kwa wazazi wangu nikaanza kazi ya utingo: kufunga mizigo juu ya keria, kuweka kabari nyuma ya tairi, kuosha matope. Nilifanya hivyo miaka sita ndipo nikapewa gari. Wenzetu waliajiri mtu mwenye leseni tayari mfukoni. Kwa hiyo tukihesabu tangu siku ya kuajiriwa, sisi wa kijani tulikuwa juu. Tukihesabu tangu siku ya kushika usukani, wekundu walikuwa juu na sisi tungebaki na makombo.

Mkubwa wao alikuwa mzee mmoja wa Gongoni, mtu wa mjini kweli kweli, kofia yake imepigwa pasi hata siku za vumbi. Alikuwa ameendesha malori tangu enzi za Waingereza, lakini kwenye kampuni ya wekundu aliingia baadaye, miaka miwili baada ya mimi kuanza utingo kwetu. Kabla ya orodha sikuwa na neno naye.

Tuliitwa kwenye ukumbi wa chama. Alikuja ofisa kutoka makao makuu, kijana mwenye faili na kalamu mbili mfukoni, akatuambia kila upande utoe wasemaji watatu. Upande wao alisimama mzee. Alizungumza taratibu, hakunitazama, lakini kila mtu alijua anamsema nani.

"Ndugu ofisa," alisema, "wakati huyu anapanda juu ya keria kufunga magunia ya watu, mimi nilikuwa nimeshika usukani miaka kumi na tano. Sasa leo tunapimwaje mizani moja?"

Watu wake wakacheka. Nikasimama bila kupangiwa. Nikasema kufunga magunia ni kazi, na nchi hii imetangaza kuwa kila kazi ni kazi, labda kama mzee bado yuko kwenye enzi za Waingereza. Nilijua lile neno la mwisho lingefanya nini mbele ya ofisa yule. Ofisa akaandika kitu kwenye faili, na mzee akaketi.

Baada ya wiki tatu karatasi ilibandikwa mlangoni pa gereji. Walikuwa wamehesabu tangu siku ya kuajiriwa. Mimi nilikuwa namba nne. Yeye alikuwa namba kumi na saba.

Siku ya kuchagua njia ningeweza kubaki na Usinge yangu. Niliijua, na watu wake walinijua. Nikachagua Nzega, kwa sababu moja tu: ilikuwa yake. Ilipofika zamu yake njia nzuri zilikuwa zimekwisha, akaangukia ile ya Usinge, mchanga na mbung'o, na basi ambalo mlango wake ulifungwa kwa kamba.

Tangu siku hiyo gereji iligawanyika. Hatukunywa chai meza moja. Asubuhi ukifika unakuta tairi limetolewa upepo, na kesho yake la kwao nalo limelala. Wengine wakaanza kusema ni vita ya watu wa msikiti na watu wa kanisa. Huo ulikuwa uongo, maana nusu ya madereva wetu walisali safu moja na wale waliokuwa wanawatolea upepo.

Mvua zilipoanza, meneja aliona mimi siijui njia ya Nzega wakati wa maji. Akamwamuru mzee aache gari lake wiki moja, apande na mimi, anionyeshe mahali pa kupita. Nilimwambia meneja simhitaji. Mzee naye alimwambia hana cha kuonyesha. Meneja akasema hakuwa anatuomba.

Basi tukasafiri, yeye kwenye kiti cha mbele mkono wangu wa kushoto, miguu ameikunja. Kwenda hatukupata tatizo. Tulipokuwa tunarudi, upande wa Lusu, tulikuta mbuga imejaa maji na alama za magari zimegawanyika, nyingine kulia, nyingine kushoto. Nikapunguza mwendo. Nilimtazama. Alikuwa anatazama mbele. Kiburi kikanikataza kuuliza, nikakata kushoto. Hatukufika mbali. Basi likazama upande mmoja hadi maji yakaingia mlangoni, na abiria wakaanza kushuka kupitia madirishani.

Nilipozima injini nikamwuliza kama alijua.

"Nilijua," alisema.

"Kwa nini hukusema?"

"Namba nne hafundishwi na namba kumi na saba."

Ningempiga. Kilichonizuia ni kelele za nyuma. Kulikuwa na mwanamke aliyekuwa anapelekwa hospitali Tabora, mimba yake imeharibika, anatoka damu, amelazwa kwenye kiti kirefu cha nyuma na mama yake mzazi. Mama huyo hakuwa anampigia kelele mwanawe. Alikuwa anatupigia sisi. Alikuwa amesikia kila neno.

Mzee alivua viatu. Akaingia nyuma, akambeba yule mwanamke mgongoni, akapita naye majini hadi ardhi kavu, kisha akaenda kwa miguu mpaka kijiji cha ujamaa cha jirani. Alirudi na vijana wenye machela, na wengine wenye majembe na ng'ombe wa kuvuta. Mgonjwa alipelekwa zahanati ya misheni. Alipona, nilipata habari hizo baadaye kutoka kwa masista. Mzee hakusema nami tena, wala mimi naye. Tulilitoa basi kesho yake mchana.

Meneja akataka maelezo kwa maandishi. Nilikaa ofisini na karatasi mbele yangu, na nikaandika kwamba mzee aliniambia nikate kushoto. Hakuniambia hivyo. Alinyamaza tu, na kunyamaza kwake nilikuona kubaya kiasi kwamba nilijiambia tofauti ni ndogo. Niliandika pia kuwa aliwahi kusema maneno ya kubeza mbele ya ofisa wa makao makuu, jambo ambalo wote walilikumbuka. Yeye alipoitwa mbele ya kamati ya wafanyakazi alisema maneno machache tu: kwamba alinyamaza, na kwamba hakunielekeza. Wakaamua amehujumu mali ya umma. Akaachishwa kazi.

Nilitegemea wekundu watagoma. Niliogopa hata kupita stendi peke yangu. Lakini jina lake lilipofutwa, kila aliyekuwa chini yake alipanda nafasi moja, na kati yao wengi walikuwa watu wake mwenyewe. Aliyekuwa kumi na nane akawa kumi na saba, akachukua njia nzuri kidogo. Hakuna aliyegoma. Mmoja wao alinipa mkono gereji, nami nikaupokea.

Niliendesha njia ya Nzega miaka michache, mpaka vipuri vikaadimika na mabasi yakaegeshwa moja baada ya jingine. Yule mzee alifungua banda la kutengeneza viatu karibu na nyumba yake. Nimepita mtaa huo mara nyingi. Namwona ameinama na sindano yake, naye ananiona, na hakuna anayesimama. Bado simpendi. Alimwacha mwanamke mgonjwa azame matopeni ili anikomeshe mimi. Na mimi nilimwandikia uongo, na yale maelezo sijawahi kwenda kuyafuta, ingawa faili lake lilikaa ofisini muda mrefu na meneja aliyefuata alinijua vizuri.