Godoro Juu ya Jiwe

Juzi nilipita Buzuruga, nyuma ya stendi, nikakuta godoro limeanikwa. Ile harufu ya sponji yenye mkojo, jua likiichemsha, haijifichi hata umwage sabuni pakiti nzima. Mtu mzima mimi, mama wa watoto wawili, nikainamisha kichwa na kupita mbiombio, kana kwamba watu wangesema, "Lile la Kabula lile!"

Niwaambie ninyi, maana hata mume wangu sijawahi kumwambia. Mwenzenu nilikuwa kikojozi mpaka darasa la tano. Tulikaa mlimani, nyumba zimebanana katikati ya mawe makubwa, uwanja wa kuanikia hakuna. Godoro lilipandishwa juu ya jiwe, likaonekana mpaka barabarani. Wenzangu wakishuka kwenda shule walinyoosha vidole: "Kabula, mvua imenyesha kwenu tu?" Kabula kwa Kisukuma ni mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha, kwa hiyo utani ulikuwa umeshaiva, wao kazi yao kuupakua tu.

Baba alikuwa seremala kule Igoma, mtanashati, mcheshi, akisalimiwa njia nzima. Nyumbani alimpiga mama. Asubuhi akiona godoro linatolewa alimfokea, "Umenilelea kikojozi!" Nami kwa akili yangu ya kitoto nikaunganisha: mama anapigwa kwa sababu yangu. Nikaacha kunywa maji kuanzia mchana. Uji wa jioni niliwamwagia bata wa jirani, wakanenepa wao. Godoro likaendelea kulowa.

Likizo moja mama akanipeleka Kigongo, kwa bibi mzaa mama, na kipande cha nailoni cha kutandika chini ya shuka. Bibi akakichukua akafunikia kuni. Nilikunywa maziwa mpaka tumbo likauma, nikalala huku nasikia honi ya kivuko, na sikukojoa hata siku moja. Mama alipokuja kunichukua, nilimsikia bibi akimwambia, "Mtoto huyu haumwi, mwanangu. Na wewe unajua." Mama akajifanya anatafuta kiatu changu. Mimi nilichosikia ni kimoja tu: nimepona! Nikarudi mjini nikijua nimemwokoa mama.

Hatukukaa siku nyingi, usiku nikasikia meza inasukumwa, halafu sauti ya mama, ile aliyoibana majirani wasisikie. Nikapapasa shuka. Kavu. Nikapapasa tena. Kavu kabisa, na bado anapigwa. Jamani, hofu iliyonishika pale sijapata kuiona tena. Kama kosa si langu, basi hakuna ninachoweza kufanya. Nikalala chali, macho wazi, nikakojoa kwa makusudi.

Asubuhi tukalipandisha godoro, mimi na mama, kila mtu na upande wake. Mama Neema, jirani yetu wa chini, akatoka na ndoo. Akalitazama jiwe, akamtazama mama. "Pole, Mama Kabula. Jana tena?"

Mama akavuta kitenge, akafunika mkono. "Nimeshapoa."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilijua nasemwa mimi.

Nilikuja kuzaa ndipo nikaelewa pole ile ilikuwa ya nini. Mama Neema hakuwa akiulizia mkojo. Mlima mzima ulijua: godoro la Kabula likipanda jiweni, jana mama yake kapigwa. Walijua wote. Mama wakampa pole, mimi wakanicheka, na baba, akishuka kwenda kazini na shati lake lililopigwa pasi, wakamwamkia, "Shikamoo, fundi."

Nimewaambia juzi nilipita mbiombio. Sikuwaambia kwamba kando ya lile godoro alisimama mtoto wa kike, ameshika pindo la gauni, ananitazama aone kama nitacheka. Sikucheka. Lakini hata kumuuliza jina lake sikumuuliza. Nami nilikuwa najua.